Wasifu wa Rosemary Lowe-McConnell: miaka yake, majina ya ngege wa Jipe, na sampuli za mezani

Tamvua_la_Chiromo

Hamjambo wakubwa. Chama cha wanafunzi wa biolojia hapa Chiromo kinaandaa meza ya maonyesho kuhusu watu waliochunguza samaki wa Afrika Mashariki, na mimi nimepewa Rosemary Lowe-McConnell. Natakiwa kutoa kurasa tatu za wasifu kwa Kiswahili, pamoja na chupa mbili tatu za samaki halisi.

Nimekwama hapa. Mtandaoni nakuta kazi za R. H. Lowe, nyingine za Lowe (McConnell) kwa mabano, nyingine za Lowe-McConnell, na sijui kama ni mtu mmoja. Kuhusu kazi yake kwenye kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, Uganda, kuna anayesema aliacha kazi na kuna anayesema aliachishwa. Ngege (perege) wa Ziwa Jipe aliyempa jina ameandikwa Tilapia, mara Sarotherodon, mara Oreochromis, niandike lipi? Na samaki wenyewe: naweza kupata nyamami (ngege wa kawaida wa sokoni) wabichi soko la Gikomba, lakini nawahifadhi vipi wasioze wala kujikunja? Nimeona chupa za maonyesho mengine zikiwa na maji ya kahawia na samaki aliyepinda kama ndoano.

Wavu_wa_Inchi_Tano

Ni mtu mmoja. Alizaliwa Liverpool tarehe 24 Juni 1921 kwa jina la Rosemary Helen Lowe, akafariki 22 Desemba 2014. Ukitafuta kwa "Lowe-McConnell" peke yake utakosa karibu kazi zake zote za Afrika Mashariki, na hizo ndizo unazozihitaji. Tafuta mara tatu: Lowe R. H., halafu Lowe (McConnell), halafu Lowe-McConnell. Tena usikate mstari kwenye mwaka wa ndoa. Maandishi yake ya 1955 bado yametoka kwa jina la Lowe ingawa alikuwa ameolewa tangu 1953.

Alisoma Chuo Kikuu cha Liverpool. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa Windermere, kaskazini mwa Uingereza, akifuatilia mikunga wanaoteremka mitoni kwenda kuzaa baharini. Mwaka 1945 akapelekwa Ziwa Nyasa, na hapo ndipo ningekushauri utumie ukurasa mzima.

Sababu ni hii. Wavuvi wa Nyasa walikuwa wakivua samaki waliowaita kwa jumla chambo. Ethelwynn Trewavas wa Makumbusho ya Historia Asilia, London, alikuwa ameshaona kwamba ndani ya jina hilo kuna spishi zaidi ya moja, lakini samaki aliyekufa ndani ya spiriti hazungumzi sana: umbo ni lile lile, hesabu za miiba na magamba zinapishana kidogo tu. Lowe aliwafuata wakiwa hai. Aliangalia kila aina inazalia wapi, kina gani, mwezi gani, na dume linageuka rangi gani wakati wa kuzaa. Kati ya aina za chambo, dume la *squamipinnis* huwa la samawati iliyopauka, la *lidole* na la *saka* huwa jeusi. Samaki wa ziwa moja, wanaoingia wavu mmoja, kumbe wametenganishwa na rangi, majira na mahali pa kuzalia. Ripoti yake ya Nyasa ilichapishwa 1952, na jina *saka* alilitoa yeye mwaka 1953, ijapokuwa siku hizi wataalamu wengi wanamhesabu samaki huyo kuwa ndiye *karongae* wa Trewavas.

Jinja sasa. Shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lilianzishwa pale 1947 chini ya R. S. A. Beauchamp, na Lowe akajiunga 1948. Kazi yake ilikuwa ngege wa maji yote ya eneo hili: Victoria, Albert, Jipe, mto Pangani, hadi mabwawa ya wakulima. Mwaka 1953 aliolewa na Richard McConnell, mwanajiolojia. Kanuni za utumishi wa kikoloni zilimtaka mwanamke ajiuzulu akiolewa, naye akajiuzulu. Kwa hiyo hao wawili unaowasoma hawapingani. Andika "alilazimika kujiuzulu kwa sababu ya kanuni ya ndoa" na uendelee.

Nasema uendelee kwa makusudi. Wasifu mwingi hukaa pale kwenye kujiuzulu kana kwamba habari imeishia hapo, ilhali alikuwa na miaka 32 tu. Alikwenda na mumewe Bechuanaland, yaani Botswana ya leo, kisha Guyana ya Uingereza, ambako kati ya 1957 na 1962 alichunguza samaki wa baharini na wale wa mito na mabwawa ya mbuga ya Rupununi. Aliporudi Uingereza alifanya kazi kama mtafiti mshiriki kwenye Makumbusho yale yale ya London. Kitabu chake kikubwa kuhusu jamii za samaki wa maji ya kitropiki kilitoka 1987, na mwaka 1997 alipewa medali ya Linnean Society. Asingekwenda Amerika Kusini asingeweza kulinganisha maziwa ya Afrika, ambako sikilidi (familia ya samaki ambayo ngege ni wamojawapo) wamechipua spishi mamia kwa mamia, na mito ya Amazon na majirani zake, ambako utajiri umetawanyika katika familia nyingine kabisa.

Pezi_la_Mgongo

Kuhusu majina: andika *Oreochromis jipe* (Lowe, 1955), kwa herufi za mlazo, na mabano usiyaondoe. Mabano yanamwambia msomaji kwamba Lowe ndiye aliyemwelezea spishi huyu, ila alimweka kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) nyingine. Mwaka 1955 aliandika *Tilapia jipe*. Ukitoa mabano unamsingizia kwamba alitumia Oreochromis, jambo ambalo hakulifanya katika maandishi yale.

Kuhama kwa majina kulikwenda hivi. Zamani karibu ngege wote waliwekwa Tilapia, jenasi ya 1840. Ilikuwa inajulikana kwamba wengine hutaga juu ya jiwe au mchanga na wazazi wakalinda mayai, na wengine hubeba mayai mdomoni. Mwaka 1973 Trewavas aliwatoa wale wa mdomoni akawaweka Sarotherodon. Miaka michache baadaye akawagawa tena: wale ambao jike peke yake ndiye hubeba mayai wakawa Oreochromis, wale ambao dume hubeba, au wazazi wote wawili, wakabaki Sarotherodon. Mgawanyo huo upo kwenye kitabu cha 1982 kuhusu biolojia na ufugaji wa ngege, kilichohaririwa na Roger Pullin pamoja na Lowe-McConnell mwenyewe, na ukaelezwa kwa kirefu kwenye kitabu kikubwa cha Trewavas cha 1983. Kwa hiyo chapisho la 1960 litasema Tilapia, la 1978 Sarotherodon, la 1990 Oreochromis, na samaki ni yule yule.

Ona basi kwamba kigezo kilichotumika kugawa jenasi ni tabia ya kuzaa. Hapo ndipo kazi ya miaka ya Nyasa na Jinja inapoonekana, na bango lako likikosa yote mengine lisikose hilo. Mwaka 1959 Lowe alichapisha makala ndefu kuhusu tofauti za kuzaa baina ya spishi za ngege na maana yake kwa mageuzi yao, miaka 14 kabla ya majina kubadilishwa.

Jambo jingine litakalowapendeza watu wa hapa: jina Oreochromis lenyewe lilitolewa na Günther mwaka 1889 kwa samaki wa Ziwa Chala, *Oreochromis hunteri*. Chala iko juu ya Taveta, mwendo mfupi kutoka Jipe. Jenasi inayofugwa leo Asia na Amerika ilipata jina lake mpakani mwetu.

Maelezo ya Lowe kuhusu ngege wa Jipe na Pangani yako kwenye jarida la Makumbusho ya London, sehemu ya Zoolojia, juzuu ya 2. Juzuu hizo zinasomeka bure kwenye Biodiversity Heritage Library. Ukitaka karatasi, anza na maktaba ya Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, inayotumiwa pamoja na Nature Kenya.

Fomalini_Kumi

Nashika la chupa. Maji ya kahawia na samaki aliyejikunja ni makosa mawili tofauti.

Kujikunja hutokea kabla ya dawa kukolea. Samaki akitumbukizwa kwenye chupa nyembamba angali mbichi, anakakamaa kwa umbo la chupa, na baada ya hapo hanyooki tena. Kwa hiyo mtambaze kwanza kwenye trei bapa, mapezi yametandazwa kwa pini juu ya ubao laini, upande wa kushoto ukiangalia juu. Pakaza mapezi fomalini kali kidogo kwa brashi, subiri dakika 10 hivi hadi yakakamae, toa pini, kisha mlaze kwenye dawa ndani ya chombo kipana. Chupa ya maonyesho inakuja mwisho kabisa.

Kabla ya fomalini fanya mambo mawili. Piga picha ya rangi akiwa mbichi, na rula kando yake, kwa kuwa rangi nyekundu na ya manjano huondoka ndani ya siku chache na ya samawati haikawii kuzifuata. Na kama kuna uwezekano wowote wa mtu kutaka DNA baadaye, kata kipande cha pezi la kifuani la kulia, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, ukiweke kwenye ethanoli ya asilimia 96. Badilisha ethanoli hiyo baada ya siku moja maana maji ya nyama huidhoofisha. Fomalini ikishagusa, DNA huvunjika na kufungamana na protini, na ni shida kubwa kuipata.

Dawa yenyewe: fomalini ya dukani ina fomaldihaidi asilimia 37 hadi 40. Chukua mililita 100 za hiyo, ongeza maji mililita 900. Hiyo ndiyo inayoitwa fomalini ya asilimia 10. Watu huchanganyikiwa hapa: wanahesabu kwamba asilimia 10 ya fomaldihaidi ni sehemu moja kwa tatu, wanapata dawa kali mno, nyama ya nje inakakamaa upesi na ndani kunaoza. Tia boraksi kijiko kimoja cha chai kwa lita, kwa sababu fomalini hugeuka asidi ikikaa, na asidi hula mifupa na magamba. Ujazo wa dawa uwe kama mara kumi ya ujazo wa samaki. Ukiwabana, maji ya mwilini huipunguza nguvu.

Samaki wa zaidi ya sentimita 10 hivi lazima dawa iingie tumboni. Tumia sindano penye tumbo na kwenye nyama nene ya mgongo, au pasua tumbo upande wa kulia kwa mkasi, mpasuko mfupi. Kulia, kwa sababu hesabu za magamba na picha hufanywa kushoto kwa desturi, na upande huo haufai kuharibiwa. Usipofanya hivi utumbo unaoza kabla dawa haijafika, gesi inajaa, tumbo linapasuka lenyewe.

Wadogo waache siku 3 hadi 7, wenye urefu wa kiganja na zaidi wiki moja hadi mbili. Kisha waloweke kwenye maji safi siku 2 au 3, ukibadilisha maji kila siku. Ndipo uwahamishe kwenye ethanoli ya asilimia 50 kwa siku mbili, na mwisho ya asilimia 70. Ukianza na ya 96, pima mililita 730 uongeze maji hadi ifike lita moja. Usiruke hatua ya 50. Tofauti kubwa ya ghafla hunyonya maji mwilini na samaki ananyauka.

Na maji ya kahawia? Ni mafuta na rangi za mwilini zinazotoka kwenye ethanoli ya kwanza. Ni kawaida. Imwage hiyo kwenye chombo cha taka za maabara, weka mpya, na ikiwezekana badilisha tena baada ya wiki mbili. Wengi wanaofanya maonyesho hawabadilishi hata mara moja.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu na iwekwe ndani ya chupa. Wino wa kalamu za kawaida huyeyuka kwenye ethanoli, na lebo ya nje hubanduka. Andika mahali alipopatikana, tarehe, aliyempata na jina la spishi. Jina likikosewa linaweza kurekebishwa kwa kumchunguza samaki upya, mahali na tarehe hakuna wa kuvifufua.

Halafu usinunue fomalini ukafanyia kazi hii chumbani kwako. Mwombe fundi wa maabara. Inachoma macho na koo, na inajulikana kusababisha saratani. Glavu, miwani, mahali penye hewa, na iliyotumika isimwagwe kwenye sinki wala mfereji.

Tamvua_la_Chiromo

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mawili yamebaki. Nataka chupa moja iandikwe "*Oreochromis esculentus*, ngege wa Ziwa Victoria", samaki akiwa yule wa Gikomba. Ni sawa? La pili: nataka kuonyesha kipimo cha unene alichokuwa akikitumia mtu wa uvuvi, uzito kwa urefu. Samaki mmoja mimi nimepata 1.92, mwenzangu 3.75. Mizani ni ile ile.

Wavu_wa_Inchi_Tano

La kwanza: hapana, si sawa. *Esculentus*, aliyeelezwa na Michael Graham baada ya uchunguzi wake wa ziwa wa 1927 na 1928, ametoweka karibu kote katika Ziwa Victoria. Kimbilio lake upande wetu ni vijiziwa kama Kanyaboli kule Siaya. Anayeuzwa Gikomba kwa jina la ngege ni nyamami, *Oreochromis niloticus*, awe wa ziwani, wa kufugwa au wa barafu kutoka China. Tazama mkia: nyamami ana mistari myembamba iliyosimama, imepangika pezi zima. *Esculentus* hana. Pia fungua kifuniko cha tamvua. *Esculentus* ana vijino vingi, vyembamba, vilivyosongamana kwenye upinde wa kwanza, vya kuchujia vimea vidogo vya majini. Andika chupa yako *niloticus*, Gikomba, tarehe ya kununua, na kama muuzaji hajui alikotoka, andika "asili haijulikani". Mchague asiyetumbuliwa wala kuparuliwa magamba, maana wengi hapo wameshaandaliwa kwa kukaanga.

La pili: nyote mko sawa ila mmepima urefu mbili. Kipimo ni uzito kwa gramu mara 100, gawanya kwa urefu kwa sentimita uliopigwa mara tatu wenyewe kwa wenyewe. Samaki wenu nadhani ana gramu 300. Wewe umepima hadi ncha ya mkia, sentimita 25, ambayo ikipigwa mara tatu ni 15,625, unapata 1.92. Mwenzako amepima hadi mwisho wa mifupa, pale mkia unapojikunja ukiupinda, sentimita 20, yaani 8,000, anapata 3.75. Bila kuandika ni urefu upi, namba hiyo haimfai mtu, na ndiyo sababu majedwali ya zamani husumbua yakilinganishwa na mapya.

Mkitaka kuonyesha zaidi jinsi kazi ya aina hii inavyofanywa, wekeni vipande vya nyavu zenye matundu tofauti, tuseme inchi 2, 3, 4 na 5. Wavu wa inchi 5 hukamata samaki wa kiasi kimoja: wadogo hupita, wakubwa hugonga na kurudi. Anayetumia wavu mmoja ataapa kwamba ngege wote wa ziwa wana urefu sawa na wote wamekomaa. Katika maji finyu, mabwawa na vidimbwi, ngege huanza kuzaa wakiwa wadogo mno kuliko wale wa ziwa wazi, na hili Lowe alilifuatilia sana. Kwa wavu wa inchi 5 peke yake usingewaona kabisa.

Kuhesabu mayai nako kuna mtego. Jike la Oreochromis likinaswa hutema mayai, hivyo uliyoyakuta mdomoni si yote. Hesabu hufanywa kwenye mfuko wa mayai wa jike lililoiva ambalo halijataga. Utakuta ni mamia, makubwa, ilhali kwa *Coptodon zillii*, ngege anayetaga chini, ni maelfu, madogo.

Pezi_la_Mgongo

Nyongeza fupi kabla hujachapisha. Kuna mabango yanayomfanya Lowe-McConnell kuwa aliyepinga kuletwa kwa mbuta (sangara) Ziwa Victoria. Makala inayojulikana ya kupinga ni ya Geoffrey Fryer, 1960, wakati ambapo Lowe-McConnell alikuwa Guyana. Wote wawili waliandika kuhusu sikilidi wa Nyasa na wote walifanya kazi Jinja, ndiyo maana wanachanganywa. Mwingine wa kutomchanganya naye ni Humphry Greenwood, aliyekuwa Jinja miaka ya 1950 na ambaye alijikita kwenye wale sikilidi wadogo, fulu. Ngege ni wa Lowe, fulu ni wa Greenwood.

Na kama mnafikiria kwenda Jipe kutafuta *jipe* mwenyewe, msiende na ndoana tu. Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na sehemu ya ufuo upande wa Kenya iko ndani ya Tsavo Magharibi, hivyo KWS, shirika la wanyamapori, nao lazima waruhusu. Spishi yenyewe iko hatarini sana. Kwa meza ya maonyesho inatosha kuomba kitengo cha samaki cha Makumbusho ya Taifa wawaruhusu kupiga picha sampuli walizo nazo. Andikeni barua mapema kupitia idara yenu, mtaje spishi mnayotaka na tarehe ya kufika.